Nilijipima Mwenyewe, Nikasema ni Presha ya Mama Mkwe

Nilikosea, na sitafuti wa kunitetea. Nataka tu mtu anisikie kabla hili jambo halijanimaliza.

Mama mkwe wangu ana presha. Alipohamia kwetu Mwiki, kazi ya kumpima ikawa yangu, kwa sababu mume wangu hutoka mapema kwenda kiwandani Thika. Kila asubuhi nilipaswa kumfunga mkononi ule mkanda wa mashine ya presha, mashine isome, nipige picha ya namba na kumtumia mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea daktari.

Lo, mama aliuchukia ule mkanda! Ukijaa hewa unabana mpaka damu inasimama, kisha hewa inatoka polepole huku mashine ikitafuta mapigo yanarudi wapi. Mama akivuta mkono, mashine inakataa, tunaanza upya.

"Ngai! Mama Njeri, unataka kunikata mkono? Toa hii kitu!"

"Mum, vumilia kidogo tu, inaisha."

"Nimesema sitaki!"

Siku moja nilichoka. Chai inamwagika, mtoto wangu Njeri analia, mume anauliza picha iko wapi. Nikajifunga mkanda mwenyewe. Namba nzuri kabisa! Nikatuma, naye akanijibu asante mpenzi. Basi ukawa ndio mtindo. Mama alifurahi kuachwa, na mimi nikafurahi kusifiwa. Mjinga mimi!

Daktari alipoona namba zimetulia, akampunguzia dawa. Hata hapo sikusema! Nilijiambia nitaanza kumpima vizuri kesho, na kesho yake nikajiambia vilevile.

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya kutuma picha, kikombe kilimponyoka mama. Nilimwona mdomo umeenda upande, anataka kuniita na sauti haitoki. Uuui, nilipiga nduru mpaka majirani wakajaa!

Hospitalini nesi alimpima, akashtuka. Mume wangu akatoa simu.

"Lakini sista, angalia, hata ya leo iko sawa. Labda mashine yetu ndio mbovu."

Nilikuwa nimeibeba kwa mkoba. Nesi akaichukua, akampima mama tena. Ikasoma juu vilevile.

"Mashine iko poa," akasema. "Sasa hizi za kwa simu ni za nani?"

Mume wangu akanigeukia. Daktari alikuwa amesimama pale, akitaka kujua kama dawa ndiyo iliyoshindwa.

"Ni zangu," nikasema.

Mume wangu hakunitukana. Heri angefoka! Mama alipotoka hospitalini alipelekwa kwa wifi yangu, Githurai. Hawezi kuongea mpaka leo. Nikienda kumwona napewa chai, lakini saa ya kumpima ikifika, wifi huniomba nitoke nje kwanza. Natoka, nasimama kwa mlango nikilia.

Wewe unayeuguza mtu wako, nakusihi! Akikataa kupimwa, mwambie daktari amekataa. Utagombezwa, yataisha. Lakini mkono wako usiufunge ule mkanda kwa niaba yake.