Namuna Nilijifanya Mupigaji wa Eufoniumu kwa Kilio ya Beni

Bale benye telefoni kule Beni na huku Butembo banajuaka hii habari tayari, hata kama habajue jina yangu: miye njo ule mwanaume wa jaketi nyekundu, mwenye alilia kama ngombe mbele ya sanduku ya maiti. Ndiyo, ni miye. Nilikaa na ile haya miezi mingi, halafu nikaona heri niieleze na kinywa yangu mwenyewe, juu kwa telefoni munaona mwisho tu, hamuone namna ilianza.

Jina yangu ni Kambale, naandikaka bibao: salon ya nywele, duka ya dawa, quincaillerie ya misumari na mabati, bote banakuya kwangu. Ni kazi ya kukaa juu ya ngazi tangu asubui na pinceau ya rangi, batu banapita chini, banaangalia herufi, hakuna mwenye kuangalia mwandishi. (Siku moja nilikosea, nikaandika FARMACIE fasi ya PHARMACIE, batu kama kumi balisimama kunisemesha. Njo siku nilisalimiwa sana katika maisha yangu.)

Bibi yangu wa ndoa alikufa, sasa ni miaka tatu. Tulibaki miye na binti yetu Kavira, yuko na miaka kumi na sita, anasoma, na anapiga eufoniumu ndani ya fanfare, ile bendi ya kupuliza ya parokia. Kama hauijue eufoniumu, ni kama mutoto wa tuba, shaba kubwa yenye kubebwa kwa kifua, sauti yake iko nzito lakini pole, kama mutu mukubwa anayesema bila kukasirika. Kwetu maneno ilikuwa imekwisha: "Chakula iko." "Nimerudi." "Zima taa." Ile mazoezi yake ya kila jioni njo ilikuwa inajaza nyumba. Mais ile eufoniumu ilikuwa ya kuazima, na mwenye mali alirudi toka Alimbongo akaichukua. Nyumba ikanyamaza kabisa. Nikapita siku moja kwa mulango ya chumba, nikamukuta Kavira amekaa kwa kitanda, anafinya blanketi na bidole tatu, kimoja kimoja, kama blanketi iko na pistons, zile batani za kufinya.

Nikasikia kama Beni kuko papa mumoja, mukubwa wa fanfare, anauzisha eufoniumu ya occasion, yenye imeisha kutumika, kwa beyi ya mutu kama miye. Donc mutu mwenye akili angesema: Kavira, vaa viatu, twende uchague. Miye nikasema hapana, nitamufanyia surprise. (Ukweli ni hii: niliogopa ile safari. Nitakaa naye ndani ya taxi mpaka Beni, tutasema nini?) Nikaenda peke yangu.

Nilitoka Butembo na baridi, nimevaa pull ya manyoya, nikafika Beni na jua ya kule chini, jasho inanitiririka kama mutu mwenye alikimbizwa. Papa Kakule, mwenye kuuzisha, ni mutu mufupi wa mashavu makubwa. Nilimukuta kwa barza yake na batu sita ba fanfare yake, banasugua trompette na trombone na bitambaa, banacheka. Akasimama, akanishika mukono na mikono yake yote mbili.

"Karibu, frère! Weye pia uko mwanamuziki?"

Sasa munisikilize vizuri. Ilikuwa miaka tatu hakuna mutu alikuwa ameniuliza kama miye ni nani. Na bote bale sita bananiangalia na macho ya kunipokea, na kiti imeisha kusogezwa. Kinywa yangu ikafunguka yenyewe.

"Ndiyo," nikajibu. "Eufoniumu. Kule Butembo."

"Tangu lini?"

"Ah, miaka kumi na mbili hivi."

(Kumi na mbili! Nani aliniomba hesabu?)

Akaniletea ile eufoniumu. Nikaigonga kidogo na kidole, kama mutu anayechagua tikiti maji, nikaangalia ndani ya ile tundu kubwa, nikafunga jicho moja. Nilikuwa nimesikia Kavira akisema kama pistons ikikwama ni kazi, basi nikafinya yote tatu mara moja, haraka haraka, nikasema: "Mmm."

"Ijaribu basi," Papa Kakule akasema.

"Midomo yangu iliungua na chai."

"Basi pole. Lakini weye uko fundi, unaona mwenyewe vile iko."

Nikatikisa kichwa kama mutu mwenye kuona. Kenye nilikuwa naona ni uso yangu tu ndani ya shaba, na pua kubwa.

Wakati tulikuwa bado kupatana beyi, bakaleta bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki ya chumvi, bakanivuta kwa sahani. Tulikula mikono saba, nane na yangu, ndani ya sahani moja. Kwangu kila mutu anakulaka saa yake. Nikakula polepole makusudi isiishe. Halafu Papa Kakule akanawa, akanipiga kwa bega.

"Frère, Mungu njo amekutuma. Mupigaji wetu wa eufoniumu amesafiri, na leo saa munane tunazika Mama Kyakimwa, mama mukubwa wa mashamba ya cacao, mutu wa parokia yetu. Utatusaidia."

"Mais midomo..."

"Utapuliza pole tu. Likambo te, hakuna shida!" akasema mupigaji wa ngoma, na bakanivalisha jaketi nyekundu ya fanfare. Ilikuwa ya mutu mwembamba. Vifungo mbili zilifunga, ya tatu ilikataa.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na nafasi, mulango ilikuwa wazi, ningesema "munisamehe, nimedanganya", bangecheka, ingeisha. Lakini nilikuwa nimekula nao, na balikuwa bananiita frère, ndugu yao. Nikawaza: ndani ya kelele ya batu nane, nani atasikia kama mumoja hapigi?

Na kweli, mwanzo ilikwenda vizuri. Tulitoka kwa marehemu, sanduku mbele, fanfare nyuma, familia, halafu batu ba quartier bengi sana. Miye nimejaza mashavu, nafinya pistons kama mutu wa kazi, sitoe hata pumzi. Trompette zinalia, ngoma inatupa hatua, mamotari banasimamisha pikipiki, banavua kofia. Nitasema kitu cha haya kuliko yote: nilikuwa na furaha. Kwa kilio ya batu, furaha! Nilikuwa natembea hatua moja na batu bengine, mabega inagusana.

Tukafika kwa kaburi. Padiri akaombea, bakashika kamba za sanduku. Papa Kakule akanikaribia kwa sikio.

"Bintu ni hivi: familia inaomba ule wimbo wa jioni, ule wenye mama alikuwa anaimbaka shambani. Eufoniumu inaanza peke yake, mustari ya kwanza yote. Siye tunaingia nyuma. Unaujua, kila mutu anaujua. Anza."

Na batu bote bakanyamaza. Bote. Nikasikia majani tu.

Nikapuliza. Ya kwanza ilikuwa pumzi tupu, fffff, kama pneu ya pikipiki yenye kutoboka. Nikavuta hewa yote ya Beni, nikapuliza tena, nikafinya pistons tatu pamoja (nilifikiri nikifinya yote itakuwa muzuri zaidi), na ikatoka. Nisemeje? Ngombe mwenye kuzaa mubaya. Ikaenda mbali, nikaisikia inarudi. Mutu mumoja nyuma akasema "Yesu!", mwanamuke mumoja akacheka, akajifunga kinywa na kitenge, na mabega yake ikaendelea kucheka bila yeye. Nikajaribu mara ya tatu, mais piston moja ilikuwa imebaki chini, haipande tena, na nilipoinamisha eufoniumu kuiangalia, maji ya ndani ikamumwangikia padiri kwa viatu. Pale njo telefoni zikapandishwa juu.

Masika, mutoto wa kwanza wa marehemu, mwanamuke wa umri yangu, akatoka kwa familia, akakuya mpaka mbele yangu.

"Papa, unajua kupiga hii kintu?"

"Hapana, mama. Sijue."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi juu ya nini ulivaa jaketi ya fanfare?"

Nikatafuta uongo mwingine, nikakosa.

"Juu balinikaribisha kula," nikasema.

Hakuna mutu alicheka tena. Akarudi kwa bale ba kwake. Trombone ikajaribu kuanza ule wimbo, ikaanza juu sana, sauti za bamama zikakatika katikati, na bakateremusha sanduku hivyo hivyo. Mama mukubwa alishuka bila wimbo yake. Miye nilibaki nimesimama na ile shaba kwa tumbo, sijue niende wapi. Batu baliondoka bakizunguka fasi yangu, kama vile tunazungukaka matope.

Papa Kakule hakunitukana, na hiyo njo iliuma. Alinivua jaketi mwenyewe, akakaa. Nikamuambia yote, na kama eufoniumu nilikuwa naitafutia binti yangu.

"Weye, kama ungeniambia ukweli, ningekuambia ukweli. Ile piston ya tatu inakwamaka, na shaba iliunganishwa mara mbili. Mupigaji muzee anajua kuibembeleza, mais kwa mutoto anayejifunza ni taabu tupu. Sikuzungumuza juu ulisema uko fundi, nikasema anaona mwenyewe."

"Ningeinunua," nikasema.

"Ungeinunua. Rudi na binti yako. Niko na ingine kwa depot, iko mubaya kwa macho, imebonyea, lakini haitoe hewa. Kinywa yake njo itachagua, hapana yako."

Nilirudi Butembo mikono tupu. Nikasukuma mulango, Kavira amekaa kwa meza, telefoni mbele yake, na nikasikia ngombe yangu inalia ndani ya telefoni. Bideo ilikuwa imenitangulia kufika.

"Papa, ni weye?"

"Ni miye."

Nilingoja acheke ao alie. Akarudisha bideo mwanzo, akaiangalia tena, akainamisha kichwa.

"Ulienda kunitafutia?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Nikamuambia ile ya taxi. Kama niliogopa safari yote ya kukaa naye bila maneno. Akafinya finya meza na bidole.

"Na miye niliogopaka hivyo," akasema.

Juma ilifuata tukaenda Beni bawili. Sitadanganya tena: tulisema kidogo sana ndani ya taxi. Mais kwa Papa Kakule nilimuona mutoto wangu kama mutu sikumujua. Alichukua ile yenye kubonyea, akafinya piston moja moja polepole, akisikiliza na sikio karibu, akachomoa embouchure, ile fasi ya kuwekea midomo, akaiangalia kama inashika vizuri, halafu akapuliza noti moja ndefu ya chini, akapanda, akashuka, akafunga macho. "Hii," akasema. Hakuangalia rangi. Papa Kakule akacheka na mashavu yote.

Kabla ya kurudi akaniuliza: "Ni wimbo gani balikuomba?" Nikamupeleka kwa Masika. Tulimukuta anatandaza cacao kwa jua. Alinitambua (nani hanitambue?), uso ikafunga. Kavira akasalimia, akasema: "Mama, baba yangu aliharibu wimbo yenu. Kama unakubali, niupige." Masika akaitika na kichwa kidogo. Mutoto akaupiga wote, mustari kwa mustari, kati ya zile cacao. Masika alikaa chini, akavuta kitenge kwa uso. Miye nilikuwa nawaza bibi yangu, mwenye tulimuzika na mvua, bila fanfare, bila chochote, na sikuwa na kitenge ya kujifunika.

"Wasingya, aksanti," Masika akamuambia Kavira. Kwangu hakusema kintu. Ni haki yake.

Donc hii njo kiapo yangu: mutu akiniuliza kama najua kintu na sijue, nitasema sijue, mara moja, hata kama sahani iko mbele yangu. Na kama ni batu ba kukaa nao nimekosa, nitasema nimekosa batu. Hiyo ya pili iko nguvu kuliko ya kwanza. Sasa Kavira anashinda na fanfare yake kila dimanche, siku ya misa, na nyumba inanyamaza tena. Juzi nilijikaza, nikabisha kwa jirani mupya, mutu mwenye alihama toka Manguredjipa, tulikuwa hatujasalimiana hata mara moja.

"Unatafuta nini, papa?"

"Hakuna kintu," nikamujibu. "Nilikosa tu mutu wa kuongea naye."

Aliniangalia kidogo. Halafu akanisukumia kiti.