Sindano Ndani ya Bomba la Upepo

Mama huyu hakujua kutulia, jamani. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anatafuta cha kugusa. Kazini walimwita Kiherehere, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mpimaji wa upepo ndani ya bomba kubwa la chuma, upepo unaokimbia kuliko sauti.

Wiki hiyo kiherehere kilikuwa na sababu. Shemeji yake, mdogo wa mumewe waliyeishi naye nyumba moja, ndiye aliyechora mdomo wa injini ya ndege waliokuwa wakiujaribu. Vipimo vya mama huyu vilisema mchoro ni mbovu: wimbi la mshtuko, lile pigo la hewa iliyobanwa ghafla, likipiga ukuta wa mdomo huo, ule utando wa hewa ya polepole unaolala ukutani unabanduka, na injini itakosa pumzi. Leo wakubwa wangekaa kuuzika mradi. Na shemeji mtu, mezani nyumbani, hakumsemesha zaidi ya "nipitishie chumvi." Ilimuuma kweli.

"Pima mara moja uondoke," mwendesha bomba alikuwa akimwambia kila siku. Thubutu! Kila kipimo aliisogeza sindano yake ya kupimia upepo karibu zaidi na ukuta, ili apate uhakika, na kila akisogeza, hewa ilizidi kubanduka. Asubuhi hii ndipo wazo lilipomchoma: je, kama ni sindano yenyewe?

Akaing'oa. Akapaka ukuta mafuta ya rangi ili upepo wenyewe uchore njia yake, akafunga mlango wa bomba, akapaza sauti, "Washa!" Bomba likanguruma mpaka meno yakagongana. Upepo ulipokatika, akachungulia kwa woga. Michirizi ya mafuta ilikuwa imenyooka mwanzo hadi mwisho. Hewa haikubanduka popote. Mchoro ulikuwa mzima. Mharibifu ni yeye na kimbelembele chake cha kuchokonoa.

Loo, alivyokimbia! Ngazi alizipanda mbili mbili, mafuta hadi viwikoni. Akamkuta shemeji akitoka kwenye kikao, peke yake, tai mkononi.

"Shemeji, rudi ndani! Mchoro wako hauna kosa. Sindano yangu ndiyo ilikuwa inavuruga hewa!"

Yule bwana akaikunja tai, akaitia mfukoni.

"Wameniuliza kama nina la kujitetea," alisema. "Nikawaambia, kama shemeji yangu ndiye aliyepima, basi mimi ndiye niliyekosea."

Mama wa watu akaangua kilio palepale koridoni. Kisha akausukuma mlango wa kikao bila hodi, akaingia akilia hivyohivyo.