Cherehani Niliyoitolea Ushuhuda

Nasikia, mwanangu, ile baiskeli uliyochukua Emali kwa mkopo imepasuka fremu, nawe umeifunika gunia nyuma ya ghala kama mtu aliyeiba. Usiinamishe kichwa. Sikuja kukucheka, ningekuwa wa kucheka ningeanza na mimi mwenyewe. Keti. Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo siisahau, siku niliyosimama kanisani nikadanganya kwa ajili ya cherehani.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nina mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa Kanyangi. Mama mkwe wangu, Syokau, Mungu amrehemu, aliuza mbuzi wawili tukapata malipo ya kwanza ya cherehani katika duka moja mjini Kitui. Iliyobaki ningelipa kila mwezi. Karatasi niliyotia sahihi sikuisoma. Karani alinionyesha pa kuandika jina, na mimi nilichotaka ni aone mwandiko wangu mzuri.

Cherehani haikwenda nyumbani moja kwa moja. Unajua desturi yetu, kitu kipya hupitia kanisani kiombewe. Wazee waliiwekea mikono, na mmoja akamkemea shetani asiguse hata sindano yake. Tuliitikia Amina ya kutikisa mabati.

Wiki ya pili ikaanza kula nguo. Inashona mshono mmoja, inaruka mitatu, kisha inavuta kitambaa ndani na kukitafuna. Sasa ningemwambia nani? Niliona kusema ni mbovu ni kama kusema maombi ya wazee yamegonga mwamba. Na tayari nilikuwa nimepokea kitambaa cha sare za kwaya nzima! Nikajifungia chumbani nikashona kwa mkono, vidole vikatoboka kama chungio, na malipo ya kila mwezi nikaendelea kuyapeleka bila kusema neno.

Jumapili moja mchungaji akaomba ushuhuda. Sijui nini kilininyanyua. Nikasema cherehani yangu inashona kama maji, na duka lile ni la watu waaminifu. Nikapigiwa vigelegele, nikaketi huku nikificha mikono.

Vidole ndivyo vilivyonisaliti. Nilikuwa nampa mama mkwe sahani ya muthokoi, akanishika mkono akautazama.  Aliingia chumbani, akatia kitambaa kwenye cherehani, akakanyaga. Kikamezwa.

“Mbona hukuniambia?”

“Mwaitu, mama yangu, si tuliiombea.”

Alicheka hadi akashika kiuno. Halafu akakasirika. “Hii mashini ni Mungu alitengeneza? Si ni watu wa kiwanda? Sasa wewe unaficha makosa yao na jina la Mungu! Lete ile karatasi unisomee.”

Nikasoma. Nyuma, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba cherehani ina waranti ya miezi sita: ikiharibika bila kosa la mnunuzi, duka litaitengeneza au litaibadilisha. Miezi mitano ilikuwa imekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kilikuwa kimebakisha wiki chache.

Kesho yake alifunga kichwa cha cherehani mgongoni, ile kamba ya ngozi ikipita kwenye paji la uso kama anayebeba kuni, akakataa kabisa nimpokee. Tulipofika dukani mwenye duka akatuambia, “Mama, mali ikitoka hapa hairudi.”

Mama mkwe akaketi kwenye kiti cha wateja. “Basi hata mimi nimetoka Kanyangi na sirudi. ” Akanigeukia. “Mwende mwanangu, soma.”

Nikasoma mbele ya watu wote. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka, mara ya pili haikutetemeka. Nikatoa risiti za kila mwezi. Fundi wao akaijaribu, ikamtafunia kitambaa mbele ya wateja. Kabla ya saa nane tulikuwa na nyingine, imejaribiwa tukiona, na mabadiliko yameandikwa kwenye karatasi yetu.

Nikadhani yamekwisha. “Bado,” akasema mama mkwe njiani. “Ulidanganya ukiwa umesimama. Kweli pia utaisema ukiwa umesimama.”

Jumapili nikasimama nikasema yote. Baada ya ibada, Ndunge, mjane jirani yetu, alinifuata nje. Kumbe ushuhuda wangu ndio uliompeleka duka lile lile, akachukua cherehani kama yangu kwa mkopo. Yake pia ilitafuna nguo. “Nilijua yako inashona,” akaniambia, “nikafikiri ni mkono wangu ndio mbaya.” Kwa kuona haya akaacha kulipa, na hakwenda kueleza. Wiki iliyotangulia gari la duka lilikuja likaibeba, na yote aliyokuwa amelipa yakapotea. Tulirudi naye dukani, wakatuambia aliyeacha kulipa kimya hana la kusema. Ndunge hakunilaumu hata siku moja. Mwanangu, afadhali angenilaumu. 

Kwa hiyo toa lile gunia. Kitu cha mkopo kikiharibika, mwambie aliyekuuzia mapema, tena kwa maandishi, ubaki na nakala. Usiache kulipa kimyakimya, maana siku hiyo kosa lake litageuka kosa lako. Wala usimpe fundi wa kando ya barabara akifungue kabla mwenye duka hajakiona. Na karatasi isome, usipoelewa uliza. Kuuliza si ujinga. Kudaiwa si utumwa. Anayelipa kidogo kidogo naye ana haki ya kupewa kitu kizima. Ukinyamaza kwa aibu, ujue kuna mwingine anayekutazama, na yeye atajilaumu kwa kosa la kiwanda.

Haya, kesho nenda Emali. Mungu akupe ulimi usiotetemeka na usiotukana. Akupe umri mrefu, uchakaze baiskeli nyingi, na kila moja ife kwa uzee.