Salfa na Dawa ya Gatini

Watu wa Lautoka, mji wa bandari huko Fiji, walianza kumwita Isimeli Naqova mlevi kabla mkewe hajajua anaumwa nini. Mwanamume aliyecheza raga mpaka magoti yakamkatalia, sasa alipita barabara ya sokoni akipepesuka, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Kwenye kikao cha yaqona, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, alipopewa kifuu, nusu ya kinywaji ilimwagikia kifuani.

"Binamu, sisi ndio kwanza tunaanza, wewe umeshafika!" Maciu alimtania. Alikuwa binamu yake wa utani na mwenzake kazini, na mabinamu wa namna hiyo hawana mipaka. "Au mkeo mwalimu anakujaribishia vitu vya maabara kwenye chai?"

Watu wakaangua kicheko. Isimeli naye akacheka, lakini jibu lake lilitoka limekatikakatika, ulimi mzito.

Losalini, mkewe, alifundisha kemia darasa la mwisho la sekondari. Alijua mumewe hajalewa. Zahanati walimwambia ni presha, baadaye wakasema ni mishipa. Isimeli akameza vidonge na kurudi kazini gatini, kule walikofunika magogo ya msonobari kwa maturubai, wakayapulizia gesi ya kuua wadudu, kisha wakayafunua yapakiwe melini. Nyumbani waliiita dawa tu, na Losalini hakuwahi kuuliza zaidi.

Siku moja akiwa darasani, alichora ubaoni kaboni moja yenye hidrojeni tatu na bromini moja, mfano uleule aliochora miaka yote.

"Bromini anamvuta kaboni elektroni, kwa hiyo mgongo wa kaboni unabaki na njaa," alisema. "Akija mgeni mwenye elektroni za kutoa, anaingia kwa nyuma, bromini anatokea mbele. Ni tendo moja. Na hapa hakuna msongamano, hidrojeni ni ndogo, njia nyeupe."

"Mgeni gani ana nguvu zaidi, Madam?" aliuliza Shaleen Gounder, msichana asiyeacha jambo likapita.

"Maji ni goigoi. Hidroksidi ana nguvu. Lakini salfa aliyepoteza hidrojeni yake anampita hata hidroksidi."

"Si ulisema salfa huyo ni besi dhaifu?"

"Nilisema, na ni kweli. Ubesi ni habari ya kushika hidrojeni. Hii ni habari ya kuwahi kaboni. Salfa ana umbo kubwa, elektroni zake zimelegea, na maji hayamng'ang'anii kama yanavyomng'ang'ania hidroksidi. Kwa hiyo anawahi."

"Sasa salfa wa hivyo tunampata wapi?"

"Kwenye protini. Kwenye damu yako, kwenye ubongo, kwenye mi..."

Hakumaliza kusema mishipa. Alimkumbuka mumewe na ile gesi ya gatini. Aliwapa zoezi, akatoka nje na simu.

"Baba Setareki, ile dawa yenu inaitwaje?"

"Dawa tu."

"Mtungini pameandikwa nini?"

Isimeli alisoma polepole kama mtoto. "Methili... bromaidi." Ndiyo ileile aliyotoka kuichora Losalini ubaoni.

"Mnavaa barakoa?"

"Zipo za zamani. Vichujio vimekufa, tunasubiri vipya tangu Krismasi. Kwani kuna nini, mama?"

"Toka hapo. Toka sasa hivi, nakuja."

Hospitalini, Daktari Pranita alimsikiliza Losalini mpaka mwisho, akavua miwani. "Mwalimu, hili halikunipitia kichwani. Tutapima bromini kwenye damu." Damu ikapelekwa Australia, na majibu yaliporudi yalikuwa mabaya kuliko walivyohofia.

Isimeli alitaka aelezwe na mkewe, si na daktari. Walikaa barazani, sahani ya mihogo na samaki wa kopo katikati yao, hakuna aliyekula.

"Niambie kwa lugha ya watu," alisema.

"Mwilini mna salfa ya kukulinda. Gesi ikiingia, ile salfa ndiyo inayoikamata kwanza. Inajishikiza nayo, bromini inaachwa. Ukivuta kidogo, unapona. Ukivuta kila siku, ile ya ulinzi inakwisha, gesi inakwenda kujishikiza kwenye protini zinazofanya kazi. Nazo zinakufa."

"Itolewe basi."

"Bromini inatoka kwa mkojo. Ile kaboni yake ikishashika, haiachii."

Isimeli aliisogeza sahani pembeni. "Yaani kilekile kinachoikamata gesi mwilini mwangu ndicho kilichoniua."

"Hujafa."

"Mama Setareki," alisema kwa upole, "mimi na wewe hatudanganyani."

Kesho yake Losalini alikwenda gatini. Maciu na wenzake walikuwa wakijiandaa kufunua rundo la magogo.

"Shemeji! Umekuja kuchukua zamu ya mume?"

"Maciu, vidole vyako vinakufa ganzi?"

Maciu alificha mikono mfukoni. "Kidogo. Asubuhi asubuhi."

Losalini aliwaeleza gesi waliyokuwa wakivuta. Msimamizi akaja mbio, akamwamuru atoke. "Mumeo ni mlevi, mji mzima unajua. Usije kutuharibia kazi hapa!"

"Si mlevi," Maciu alisema. "Maneno ya ulevi niliyaanzisha mimi, kwa utani. Mimi hilo turubai siligusi."

Wenzake nao wakaweka kamba chini. Wote walifukuzwa siku hiyohiyo. Kampuni ikaleta vijana kutoka visiwa vya mbali, ikawapa barakoa mpya mbele ya wakaguzi, na haikukiri chochote. Maciu akaenda kukata miwa.

Isimeli alianza kupata degedege. Alisahau jina la mwanawe Setareki kwanza, kisha la mkewe. Alifariki msimu wa vimbunga na kuzikwa kijijini kwao, mvua ikimwagika kiasi kwamba wanaume walichota maji kaburini kwa ndoo kabla ya kutandika humo mikeka ya kumlazia. Losalini alisimama na mama mkwe wake wakishikana, wote wameloa chapachapa.

"Yule daktari alisema mwanangu aliugua nini hasa?" mama mkwe aliuliza.

"Kazi, mama," Losalini alijibu. "Aliugua kazi yake."

Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Baada ya matanga Losalini alipanda basi akarudi mjini kwa wanafunzi wake.