Muuguzi wa Valencia na Mayai Mawili Kati ya Kumi na Manne

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Amparo Lledó anachovya kijiti kwenye kikombe cha mkojo, anakilaza mezani na kukikodolea macho. Mstari wa pili ukitokea, msichana aliyekaa mlangoni ataambiwa aende zake akanywe kahawa. Usipotokea, ataitwa daktari.

"Zamani sikuhitaji kijiti," anasema. "Nilikuwa nawaangalia usoni tu, na nikajiona hodari."

Amparo, 58, ni muuguzi wa wachangiaji mayai, wasichana wanaotoa mayai yao ya uzazi kwa wanawake wengine, katika kliniki moja ya uzazi mjini Valencia, kazi ambayo ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Wasichana hujidunga dawa siku kadhaa ili mayai yakue. Mwisho huja sindano ya kuyakomaza, usiku, kwa saa waliyopangiwa. Saa thelathini na sita baadaye mayai hutolewa. Sindano hiyo ikikosewa, hutoka machanga, hayafai. Mstari wa pili wa kijiti, asubuhi inayofuata sindano, ndio huonyesha kwamba imefanya kazi.

Ndivyo ilivyokuwa Februari mwaka jana kwa Rocío Cebrián, 24, muuza mikate wa mtaa wa Benimaclet. Yalitoka mayai kumi na manne, yaliyokomaa mawili.

"Ulipitiwa na usingizi?" Amparo alimuuliza.

"Nilidunga saa tano kamili, mama. Muulize dada yangu."

"Nyote mna dada wa kuwatolea ushahidi."

Mbele yake, Amparo aliandika neno moja daftarini: hakudunga. Rocío aliondoka akilia.

Aprili alirudi. "Nidunge wewe, kwa mkono wako," alimwambia Amparo mbele ya daktari wa kliniki, Ferrándiz. "Halafu tuone nani mwongo."

Daktari akakubali.

Usiku uliopangwa, Amparo alikwenda nyumbani kwa Rocío, akakagua tarehe ya mwisho ya dawa, akamdunga. Asubuhi alimpima mkojo kwa kijiti; kilitoa mstari mmoja. Akadhani kimeharibika, akafungua boksi jipya. Mmoja tena. Akashuku mkojo ni wa mtu mwingine, akamfuata Rocío hadi chooni.

"Unataka unishikie na kikombe?"

"Wewe endelea tu, nione."

Mstari ukabaki mmoja. Kipimo cha damu kikasema vilevile.

"Sindano ile huuamrisha ubongo utoe homoni ya kuyakomaza mayai," anaeleza Daktari Ferrándiz. "Ubongo wa Rocío haukuitikia. Alikuwa amemeza vidonge vya uzazi wa mpango miaka minane; huenda ndiyo sababu."

Siku hiyohiyo alidungwa dawa nyingine isiyopitia ubongoni, kwa kipimo kidogo maana huweza kuvimbisha tumbo, na kazi ya kuyatoa ikasogezwa mbele. Yalitoka kumi na matano. Yaliyokomaa, kumi na mawili.

"Sikujua niweke wapi uso wangu," anasema Amparo. "Nikamwambia, nisamehe, mwanangu. Akanijibu, 'Kwanza lifute lile neno.'"

Alilifuta. Lakini daftari lilikuwa na majina mengine sita yenye neno hilo. Huenda wapo waliosahau kweli. Nani atajua sasa? Amparo anawapigia simu mmoja mmoja kuwaomba radhi. Wawili wamepokea. Mmoja, anayeishi mji wa Teruel siku hizi, alimuuliza, "Huu ni mtego gani tena?" akakata.

Amparo anastaafu mwakani. Kabla ya hapo anataka kliniki iandike kanuni: asihukumiwe mtu kabla ya kupimwa. Na Jumamosi atapanda basi kwenda Teruel.

"Yule simu haiamini, na simlaumu," anasema. "Akinifungia mlango, nitasimama nje niseme hukohuko."