Upande wa Kulia wa Uso

Mwaka ule uso wangu ulikuwa mzito upande wa kulia, kuanzia chini ya jicho hadi juu ya meno, kama vile nimejazwa udongo ndani kwa ndani. Mimi ni fundi seremala hapa Same. Kila nilipoinama kusukuma randa, maumivu yalimwagikia mbele ya uso, ikabidi nisimame, nitoke hadi barabarani, nirudi, niinamie tena ubao uleule. Mlango ambao kwa kawaida ningeumaliza upesi ulikaa juu ya meza ya kazi mpaka mwenye mlango akaacha kuuliza.

Zahanati waliniambia ni sainasi, uwazi ulio ndani ya mifupa ya uso, umeziba na kuoza. Nilipewa vidonge nikamaliza, nikapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Nikapewa vingine vikali zaidi, ikawa vilevile. Sikuweza tena kunusa mbao. Mninga na mkaratusi vilikuwa kitu kimoja puani mwangu. Badala yake nilinusa uvundo ambao hakuna mwingine aliyeunusa. Nilikuwa namuuliza mke wangu kama kuna panya amekufa chini ya kabati, naye aliinama kuchungulia, kwanza kwa kunihurumia, baadaye kwa kuchoka.

Basi nikageukia dawa za nyumbani, na za nyumbani hazina mwisho, kwa sababu kila nyumba ina yake. Mwenzangu wa karakana, ambaye ni Mwislamu, alinifundisha kuvuta maji puani kama yeye anavyofanya akitia udhu, ila yangu yachemshwe, yapoe yabaki vuguvugu, na yatiwe chumvi kidogo. Hayo yalinisaidia kweli. Kwa saa moja hivi nilipumua kama mtu. Kisha pakaziba. Muuza matunda wa jirani alinipa kitunguu saumu nitafune na asali. Mwingine akasema nilale na kitunguu maji kilichokatwa kando ya mto. Nilifanya yote. Nilikuwa nabadilisha dawa kabla ya ile ya kwanza kupata nafasi ya kufanya kazi, na nikiwa situmii dawa nilikuwa natembea, kwa sababu kukaa kuliniuma na kulala kuliniuma zaidi.

Mke wangu ndiye aliyesema twende kwao, Mamba, juu milimani. Kule wanalima tangawizi, na mama yake ni mtu wa kuaminiwa kwa nyungu, ile dawa ya kujifukiza. Nilikubali haraka, si kwa imani, bali kwa sababu safari ilikuwa ni kuondoka pale nilipo. Bodaboda iliyotupandisha mlimani ilinitikisa uso kila ilipokanyaga jiwe, nikashuka mara kadhaa nipande kwa miguu, dereva akinisubiri mbele kwenye kona.

Mimi na mama mkwe wangu tuliheshimiana kwa kuachiana nafasi. Nilimwamkia nikiwa mbali kidogo, akaitikia marahaba akitazama pembeni, na mengine yote yalipita kwa mke wangu. Hata nyungu ile ilikwenda hivyo. Yeye alikuwa jikoni akitwanga tangawizi na kuichemsha pamoja na mchaichai na majani ya mkaratusi. Mke wangu ndiye aliyeleta sufuria, akaiweka chini mbele ya kiti changu, akanifunika blanketi. Kutoka jikoni tulisikia maelekezo: asisogeze uso karibu sana ataungua, avute kwa pua, atoe kwa mdomo.

Mvuke ulipenya. Macho yalitoa machozi, kamasi zikaanza kuteremka, na kwa muda mfupi nilihisi ule udongo unalainika. Halafu giza la blanketi likanibana kifuani. Nilijiambia nihesabu pumzi, nikashindwa. Nikalitupa blanketi, nikatoka nje nikiwa nimelowa jasho, nikaingia shambani, nikafuata mfereji mpaka kwenye ndiva, lile bwawa dogo wanalokingia maji ya kumwagilia. Nilizunguka kingo zake. Niliona aibu kukimbia dawa ya mama mkwe kama mtoto, lakini miguu haikukubali kusimama.

Niliporudi mama mkwe alikuwa ameketi barazani, akimenya tangawizi mbichi. Mke wangu alikuwa ameenda kunitafuta upande mwingine, kwa hiyo hapakuwa na wa kupitishia maneno. Akaninyooshea kipande kwa mikono miwili.

"Baba, kama nyungu imekushinda, tafuna hiki," alisema. "Tafuna taratibu, umeze maji yake."

Nilikipokea, nikakiweka upande wa kulia, nikauma kwa nguvu maana kilikuwa kigumu. Maumivu yaliyonipata hayakuwa yale niliyoyazoea. Yalikuwa makali, ya mahali pamoja, yakapanda kutoka kwenye gego la juu moja kwa moja hadi chini ya jicho. Nilishika shavu nikakaa chini kwenye ngazi.

"Ni jino?" aliuliza.

Nilimwambia sijui. Jino lile lilizibwa zamani na halikuwahi kunisumbua. Nililigusa kwa ulimi, nikalibonyeza kwa kidole, maumivu yakapanda njia ileile. Akasema kesho tushuke tukaonane na daktari wa meno, na akamwambia hivyohivyo mke wangu aliporudi, ingawa mimi nilikuwa nimeshasikia.

Daktari wa meno alinigonga meno moja moja kwa kijichuma, akafika pale, nikaruka kwenye kiti. Akanipiga picha, akanionyesha: mzizi wa gego ulikuwa umeoza kimyakimya chini ya lile zibo, na ncha yake ilikuwa imefika kwenye sakafu ya sainasi. Usaha ulikuwa unapandia huko. Nilimuuliza kama dawa zote zile zilikuwa bure. Akasema hapana, maji ya chumvi na mvuke vilinipunguzia, ila kisima cha ugonjwa kilikuwa jinoni. Akachoma ganzi, akaling'oa, akanikataza kupenga kwa nguvu mpaka pafunge.

Uzito uliondoka polepole. Harufu zilirudi bila mpangilio: kwanza sabuni, baadaye mafuta ya taa, halafu nywele za mke wangu. Nilimpigia simu mama mkwe mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema anashukuru Mungu, akaniuliza kama nitaweza kula mahindi ya kuchoma. Tulizungumza kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi.

Lakini miguu haijapona. Juzi nilikuwa kanisani, mahubiri yakiendelea, nikajikuta nimesimama watu wote wameketi. Hapakuwa na kilichoniuma. Nilitoka nje, nikazunguka kanisa, upepo ukipeperusha vumbi uwanjani, nikajaribu kufikiri nilikuwa naelekea wapi. Nikarudi ndani, nikakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.