Nilivyojifanya Mgeni kwa Dada Yangu

Garissa nzima hakuna mwigizaji kama mimi, na shule niliiacha kidato cha pili!

Leo dada yangu Hodan, anayesomea ushauri nasaha chuoni, alikuwa na mtihani wa kumsikiliza mtu mwenye shida, mbele ya mwalimu wake.
Ndugu haruhusiwi.
Nikajitolea kuwa mgeni kutoka Balambala.

Nikalilia mbuzi waliokufa kwa ukame.
Mwalimu akaguswa kabisa, anaandika tu.

Kisha Hodan akanyamaza.
Ati wanafundishwa kumngoja mtu aongee.
Wallahi, dakika nzima! Miguu ikaanza kucheza yenyewe.

Nikaropoka, “Abaayo, umekasirika? Hooyo amesema urudi na maziwa.” Kwetu Wasomali, abaayo ni dada, na hooyo ni mama.

Kalamu ya mwalimu ikasimama.
“Kumbe mama yenu ni mmoja?”

Haya, chekeni.
Lakini Hodan atarudia mtihani, na aliyemwangusha ni mimi.